Nyati wa Mama Jirani

Mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto, niliamini kabisa kwamba Mama Jirani alikuwa na nyati. Siyo pembe ya nyati ukutani, hapana. Nyati jike mzima, mwenye pumzi, aliyemfuata kwa miguu toka misitu ya Walikale mpaka kilima chetu cha Kingi siku alipoolewa, na ambaye kila asubuhi alisimama nyuma ya migomba, mtulivu kama katekista, akisubiri kukamuliwa. Habari hiyo nilipewa na kapita wetu, msimamizi wa shambani, mtu mwenye habari nyingi kuliko meno, na sikuitafuna hata kidogo, niliimeza nzima. Nikaenda kutafuta mavi ya huyo nyati. Nikayapata, makubwa kama kofia ya muzungu. Kwamba fahali wa shemeji yake Mama Jirani alipita pale pale kila siku kwenda kunywa maji, jambo hilo halikunijia kichwani.

Lakini nieleze kwanza kwa nini mtu mwenye akili, ao tuseme akili ya katikati, alihitaji nyati.

Sababu ilikuwa chungu cha mboga. Mama Jirani hakuwa na ng'ombe hata wa dawa, na mboga yake ilikuwa nyeupe, nzito, laini, inashika bugali vizuri na kushuka kooni bila kupiga hodi. Ungesema imepikwa katika maziwa yaliyokamuliwa dakika ile. Na sisi wa Masisi, kitu cheupe na laini kinatoka kwa ng'ombe. Mlango mwingine hatukuujua. Tena tulilelewa hivi: maziwa hayawekwi juu ya moto, na hayachanganywi na majani, kwa sababu kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa kitakauka. Kwa hiyo mwanamke asiye na ng'ombe, mwenye chungu cheupe, ni mwizi wa maziwa, na juu ya wizi anakausha ng'ombe za watu. Ao sivyo, basi ana mnyama wake mwenyewe. Mimi, kwa wema wangu, nilichagua mnyama.

Sasa uone kwa nini chungu hicho kilinitia hasira. Vita ya wazungu ilikuwa imekwisha, na muzungu wa kilima chetu alipanda yale maua meupe ya kuua wadudu, kilima baada ya kilima, mpaka ukiangalia mbali unadhani mvua ya mawe imeanguka na kukataa kuyeyuka. Mimi na mama watoto wangu tulichuma maua hayo toka umande mpaka kengele ya jioni. Tukirudi nyumbani ndipo maharagi yanawekwa motoni. Maharagi ya Masisi ni matamu, sikatai, lakini yana kichwa kigumu kupita kapita. Unayaweka juu ya moto ukiwa kijana, unayaepua ukiwa na mvi. Kuni zimelowa, moshi umejaa, watoto wanalia kwa zamu kama wamepangiana, na huko misioni moniteri, mwalimu wa masomo ya mangaribi, amekwisha kushika mlango. Moniteri yule hakujua mambo ya maharagi. Ukichelewa, mlango umefungwa. Ukienda na njaa, unalala juu ya benchi na kuota bugali kwa Kifaransa.

Na mimi niliitaka sana sertifika, ile karatasi ya kumaliza masomo. Nilitaka siku moja kuweka chini kikapu cha maua na kushika kalamu. Hesabu hazikunishinda, Kifaransa hakikunishinda sana. Kilichonishinda ni chakula cha jioni.

Mama Jirani alichuma maua katika mstari mmoja na sisi. Aliisikia kengele ile ile na kupanda njia ile ile ya utelezi, na mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa mbali, anachimba mawe ya wazungu upande wa Walikale, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwashia moto. Na bado, kabla sijamaliza kutoa matope kwenye miguu yangu, harufu ilikuwa imevuka ua. Watoto wake walikuwa wanakula. Watoto wangu walikuwa wamesimama kwenye ua kama wachungaji waliopoteza kundi, wanaangalia.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na hakutembea, alianguka mbele na miguu ikamkimbilia. Alifanya kila kitu kwa haraka isipokuwa kusalimu. Kusalimu alikufanya polepole kama mtu anayefungua kifurushi: habari yako, ya mama, ya mtoto mwenye kikohozi, ya mguu ulioumia mwaka jana, ya kuku yule mwenye kovu. Ukimaliza kusalimiwa naye ulijisikia umekwenda kwa dokta. Halafu anageuka, na kabla hujajibu vizuri amekwisha kukata majani, kupuliza moto na kumpiga mtoto kofi dogo la upendo.

Majani aliyachuma njiani. Lengalenga, ule mchicha ulioota kando ya njia, majani ya maharagi, ncha za maboga, vyote viliingia katika kikwembe alichojifunga wakati sisi tunapiga maneno na kulalamikia mgongo. Akifika nyumbani, maji, majani, chumvi. Halafu anaingiza mkono mahali fulani juu ya moto, mahali ambapo mwanaume haangalii, kwa sababu kwetu mwanaume kusimama jikoni ni aibu ambayo watoto wako watarithi. Ukigeuka, mboga imekuwa nyeupe. Hapo anatokea mlangoni na mwiko mkononi na kuita kilima chote: "Kujeni mukule, maneno nyuma."

Nilikuja. Siwezi kuficha, nilikuja na watoto wangu wote, mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Nilikula mboga ya nyati, nikapangusa mdomo, nikashuka mbio mpaka misioni, na moniteri akanikuta nimeketi benchi la mbele, nimeshiba, na macho wazi kama bundi. Kwa hiyo nikisema kwamba sehemu kubwa ya Kifaransa changu ilipikwa katika chungu kile, sitii chumvi. Ao ninatia kidogo tu.

Mama watoto wangu hakuja. Baba yake alikuwa na ng'ombe, na binti wa mwenye ng'ombe hawezi kuonja kitu kama kile. Akionja, na kule kwa baba yake ng'ombe mmoja akakosa maziwa, ataulizwa nini? Alibaki nyumbani na kiazi baridi na uso baridi zaidi. Tuliporudi alituangalia midomo kama kapita anayekagua vikapu. Nilimwambia asiogope, ile ni ya nyati, haihusiani na ng'ombe wa baba yake. Alinijibu kwamba bora angeolewa na nyati mwenyewe.

Ukimshukuru Mama Jirani alikasirika. Aliona kama umemwambia kwamba hakutegemea kukulisha. Misa hakuikosa hata mvua ikibomoa njia, lakini mahubiri yakianza alilala usingizi mzito, mtoto naye mgongoni amelala, na mwisho aliamka kwa wakati wake na kujibu amina kubwa kuliko wote. Alilia kwa ajili ya kuku aliyekufa, na siku mume wake alipomaliza mwaka bila kurudi alicheka, akasema barabara ya Walikale imemmeza na itamtapika ikichoka.

Mama Jirani aliogopa ng'ombe. Hapo ndipo ningepaswa kuanza kufikiri. Kundi la shemeji yake likipita, yeye aliruka nyuma ya mgomba na kubana kikwembe kati ya magoti. Maziwa hata harufu yake hakuiweza. Siku moja mwanamke mmoja alipita karibu naye na kibuyu cha maziwa ya kuganda, na Mama Jirani akaziba pua, akageukia ukuta mpaka kibuyu kikapita. Kwao msituni hawafugi ng'ombe, hawakamui. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, na unajua niliyatafsiri vipi? Nilisema: tazama, aliyezoea nyati hawezi kukubali ng'ombe. Nyati amemharibia kabisa.

Alikuwa pia na tabia ya kuomba vitu visivyo na kazi. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba vipande vya vyungu vilivyovunjika, majivu ya mgomba, mbegu za boga tunazokwangua na kutupia kuku, kamba zilizochakaa. Sisi tulimpa, kila nyumba ilimpa, na tulicheka nyuma yake kwamba huyu mwanamke wa Ntoto, kule Walikale, anaokota kama panya. Mama watoto wangu, aliyemnyima uso, hakumnyima takataka. Alimwekea kando ya mlango kila tulipopasua boga.

Swali nililomuuliza miaka yote ile lilikuwa moja. Nilimuuliza asubuhi njiani, nilimuuliza shambani, nilimuuliza mdomo ukiwa umejaa: "Mama, ile maziwa unatoaka wapi?" Na yeye alinijibu kila mara kwa kicheko kilichoanzia tumboni na kupita puani, halafu akaniuliza habari ya mguu wangu. Nilipata hasira ambayo sijui niiweke wapi. Mtu anakulisha, anakucheka, na anakuacha na njaa ya kujua.

Mimi na mama watoto tulijaribu kwetu. Tuliweka unga wa muhogo katika lengalenga, tukapata gundi ambayo ingebandika matangazo ya muzungu mpaka leo. Tuliweka unga wa mahindi, tukapata uji wenye majani, watoto wakauliza nani mgonjwa. Tuliponda ndizi mbichi ndani, ikageuka rangi ya matope ya barabara, na mwiko ukasimama wenyewe. Maziwa ya kweli mama watoto hakukubali hata kuyasikia, na mimi, kusema kweli, niliogopa pia. Kila jaribio lilimalizika na maharagi, na maharagi yalimalizika na mlango wa moniteri umefungwa.

Halafu ikaja kiangazi kibaya. Majani yakawa kama nywele za mzee, na ng'ombe za shemeji yake zikapunguza maziwa, mmoja baada ya mwingine. Shemeji huyu alikuwa mtu mzito, kaka mkubwa wa mume wake, mwenye fimbo ndefu na maneno mafupi. Na sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa njo penye uzito. Mume wa Mama Jirani alikuwa na kipande cha shamba la maharagi chini ya nyumba, sehemu ya urithi wa baba yao. Mwanamke akiwa pale anakilima, kipande ni cha watoto wake. Akiondoka, ng'ombe za shemeji zinaingia kulisha, na ng'ombe wakishazoea mahali, nani atawatoa? Kila mtu alilijua hilo. Shemeji alilijua kuliko wote.

Aliita watu siku ya Mungu, baada ya misa. Alisema kwa ufupi kwamba ng'ombe zake zinakauka, kwamba kuna nyumba moja inayopika maziwa na majani, na kwamba mwenye nyumba alete chungu chake na kibuyu chake mbele ya watu, waviangalie. Akikataa, arudi kwao.

Mimi nikasimama. Sikuwa na ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe akisema mbele ya wenye ng'ombe ni kama jogoo anayewika kwenye mvua. Lakini tumbo langu lilijua deni lake, na zaidi ya hapo nilikuwa na masomo. Nikasafisha koo. Nikaanza na maneno mawili ya Kifaransa ili watu wanyamaze, wakanyamaza, halafu nikaeleza kwa utaratibu kwamba mama huyu hana hatia, kwa sababu haguswi na maziwa ya ng'ombe wala maziwa ya ng'ombe hayaguswi naye. Yeye anakamua nyati wake mwenyewe. Na mavi yake nimeyaona.

 Katekista alijishika kichwa. Kapita, mwenye habari, aliangalia milima. Na Mama Jirani, mtu ambaye anahukumiwa, alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, alicheka mpaka machozi, mtoto mgongoni akaruka-ruka kama yuko juu ya punda, na wengine nao wakacheka, mpaka nikafikiri kwamba nimeshinda kesi.

Shemeji hakucheka. Alirudia: chungu na kibuyu.

Mama Jirani akasimama, akapangusa uso kwa ncha ya kikwembe. Alisema polepole, kwa sauti yake ya kusalimu: "Chungu yangu iko ya kupikia. Haiko ya kuletwa kwa juji. Mwenye anataka kujua kitu iko ndani, akuje akule. Niliwaita kila siku."

Hakuna aliyekwenda. Wangekwendaje? Kila mwenye ng'ombe pale aliamini kwamba akionja tu, ng'ombe wake wamekwisha. Na sisi tuliokuwa tumeonja hatukuwa na ng'ombe, kwa hiyo ulimi wetu haukuhesabiwa. Ilikuwa kesi ambayo mashahidi wake wote walikuwa wameshiba na hawafai. Nilitaka kusema tena, mama watoto wangu akanivuta koti mpaka mshono ukalia.

Aliondoka mwanzo wa mvua. Hakufukuzwa kwa fimbo, hapana. Alisema anamfuata mume wake, kwa sababu ile barabara imechelewa kumtapika. Alitusalimu nyumba kwa nyumba, polepole, mguu, kikohozi, kuku, halafu akashuka kuelekea Walikale na watoto wake kwa mstari. Kabla ya wiki kwisha ng'ombe walikuwa ndani ya maharagi.

Na sisi tukarudi kwenye moshi. Sertifika yangu nilichelewa kuipata kwa sababu ya maharagi, na sitalificha jambo hilo mbele ya mtu yeyote. Kiangazi kilichofuata ng'ombe za shemeji zilikauka tena. Na kingine, tena. Mwanamke yuko Ntoto, chungu chake kiko Ntoto, na viwele viko Kingi vimenyauka. Hata mtu mwenye maneno mafupi anafika mahali pa kuyahesabu. Shemeji alizeeka. Watu waliacha kukaa karibu naye baada ya misa, kila mmoja akikumbuka kwamba ana kazi.

Mimi mwishowe nilishika kalamu. Nilikuwa karani wa mfanyabiashara aliyenunua mawese, na akanituma Ntoto. Asubuhi ya safari shemeji alinisubiri njiani, fimbo yake sasa imekuwa mguu wa tatu. Aliniambia ng'ombe amewatoa katika lile shamba, ua umejengwa, na kama mama yule anataka, yeye ao mtoto wake, lipo. Halafu akaona aibu, akaenda zake.

Barabara ya Ntoto ina matope yanayokula lori na kuomba nyongeza. Nilifika nimegeuka udongo mtupu. Na pale sokoni, kabla sijauliza, nikasikia sauti polepole nyuma yangu: "Papa wa nyati. Mguu yako iko aje?"

Nywele za Mama Jirani zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, mwili umepungua, ila mwendo ulikuwa ule ule wa kuanguka mbele. Alinipeleka kwake. Mume wake, yule aliyemezwa na barabara, alikuwa ameketi kwenye jua la uani, kifua kimeharibika kwa vumbi la mawe, anatabasamu kama mtu aliyerudishwa bila kuomba. Nikasema ujumbe wangu wote, ua, shamba, yeye ao mtoto. Nilitegemea machozi, ao angalau wimbo. Mama Jirani alisikiliza huku anachambua majani.

Alisema yeye harudi, huyu papa mwenye kukohoa hawezi kile kilima. Lakini mtoto wake mkubwa atakwenda. Atalima mahali pa baba yake. Na shemeji amwonyeshe mpaka mbele ya watu wale wale, baada ya misa. Mume wake aliposikia hivyo alifunga macho, na nikaona kwamba ujumbe umefika.

Halafu Mama Jirani akaingia jikoni, na kabla sijatoa matope kwenye miguu, sahani ilikuwa mbele yangu. Nyeupe. Nzito. Ile ile. Nilikula kama mtu anayepigana, na hasira yangu yote ya miaka ile ikapanda tena pamoja na chakula, jioni zote za moshi, mlango wa moniteri, gundi ya muhogo. Nikaangalia pande zote. Msitu, kuku, mbuzi mmoja dume. Nyati hakuna. Nikasahau kwamba mimi ni karani na ni mwanaume. Nikasimama kwenye mlango wa jiko na kumwuliza: "Mama, hii mboga unapikaka namna gani?"

Akageuka, mwiko mkononi. Safari hii hakucheka.

"Hii sasa njo mara ya kwanza mutu wa Kingi ananiuliza vile," akasema. "Mulikuwa munaniuliza tu maziwa inatoka wapi. Maziwa haimo, Papa. Iko mbegu ya boga. Ninakausha, ninasaga siku ya Mungu, ninaweka pale juu ya moto, jioni ninatia mukono moja. Njo zile zenye mama watoto wako alikuwa ananiwekeaka kwa mulango."